Je, wajua kwa nini mwimbaji husikika katikati, mahali pasipo na spika?

Ukiwa na spika mbili sebuleni, jaribu hivi leo jioni umeme ukiwepo. Ziweke pande mbili za televisheni, kaa katikati, cheza wimbo wenye mwimbaji mmoja, fumba macho, kisha nyoosha kidole pale unapomsikia amesimama. Fumbua. Kidole kitakuwa kinaelekea ile kalenda ya usharika iliyotundikwa juu ya televisheni. Nyuma ya kalenda hakuna spika. Sasa nani anaimba pale?

Hakuna mtu. Sauti ile inapangwa kichwani mwako mwenyewe. Mtu akikuita kutoka kushoto, sikio la kushoto hupata sauti kwanza, la kulia hufuata. Tofauti yenyewe ni ndogo mno: hata sauti ikitoka ubavuni kabisa, ni kama milisekunde 0.7 tu, yaani haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena kichwa chenyewe ni kizuizi, kwa hiyo sikio la upande wa pili hupata sauti iliyofifia. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mwaka 1907 kwamba tunatumia vyote viwili: muda kwa sauti nzito, kivuli cha kichwa kwa sauti nyembamba. Ndiyo maana bodaboda ikitokea nyuma yako pale Majengo, unajua urukie upande gani kabla hujageuka.

Fundi wa studio anaucheza shere uwezo huo. Akitaka mwimbaji awe katikati, hupeleka sauti yake sawasawa kwenye spika zote mbili. Masikio yote mawili yanapokea kitu kilekile kwa wakati uleule, na ubongo unakata shauri kwamba mwenye sauti yuko mbele. Akizidisha gitaa kidogo upande wa kushoto, gitaa linahamia kushoto. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI huko London, aliomba hataza ya mbinu za namna hii Desemba 1931. Santuri za stirio, yaani zenye sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, zikaanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Tangu hapo muziki ukapata jukwaa: huyu kushoto, yule kulia, ngoma nyuma, mwimbaji mbele.

Lakini jukwaa hilo ni jepesi kubomoka. Tuseme spika zako zimeachana mita 2, na wewe umekaa mita 2 kutoka kila moja. Akija mtoto ukasogea kulia sentimita 35 ili umpishe, spika ya kulia sasa iko karibu nawe kuliko ya kushoto kwa takriban sentimita 35. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ya kulia inakutangulia kwa milisekunde 1 hivi. Hiyo inatosha. Ubongo humwamini aliyewahi, na mwimbaji mzima anahamia kwenye spika ya kulia. Mtoto naye, upande wake, anaapa kwamba anaimbia kushoto.

Hapo utaona kwa nini sabufa nyingi mitaani kwetu zinatoa muziki uliobanana. Spika zake mbili ndogo zina nyaya fupi, basi zinapangwa juu ya kabati moja, zimekaribiana kama ndugu wanaogombea blanketi. Upana wa muziki hauwezi kuzidi sana nafasi uliyozipa.

Sasa twende dukani. Swali la kwanza la wengi wetu ni hili: "Mangi, hii ina wati ngapi?" Na mangi, bila kupepesa macho: "Elfu kumi, kaka." Boksi nalo linaungana naye, kwa herufi kubwa: 10,000W PMPO. Mwombe aigeuze sabufa, usome kibandiko cha nyuma panapoandikwa umeme inaotumia. Ukikuta wati 60, basi hiyo elfu kumi inatoka wapi? Plagi ya kawaida ya pini tatu, yenye fyuzi ya ampea 13, haibebi zaidi ya wati 3,000 hivi. Ingekuwa kweli, LUKU ingekata kabla kwaya haijafika kiitikio. PMPO haina kipimo kinachokubaliwa na wote, kila kiwanda kinajiandikia. Tafuta RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo, na hata hiyo haikwambii kama sauti ni safi. Inakwambia tu spika itastahimili nguvu kiasi gani.

Usafi ni jambo lingine. Spika ya kweli haiongezi wala haipunguzi: besi isizidi ilivyorekodiwa, na herufi "s" isichome sikio. Miaka ya 1980 mtafiti wa Kanada, Floyd Toole, aliwasikilizisha watu spika mbalimbali zikiwa zimefichwa, wasione jina wala bei. Zilizopendwa zaidi zilikuwa zile ambazo sauti yake iko sawa kuanzia nzito hadi nyembamba, na ambazo hata ukisimama pembeni hazibadiliki tabia ghafla.

Hilo la pembeni watu hulipuuza, na kwangu mimi ndilo siri ya upana. Spika haikuimbii wewe peke yako, inaimbia na kuta. Sauti ya pembeni hugonga ukuta na kukufikia milisekunde chache baadaye. Huisikii kama mwangwi, kwa kuwa ubongo huiunganisha na ile ya kwanza. Ikiwa inafanana na ya kwanza, chumba kinaonekana kupanuka. Ikiwa imeharibika, muziki unakuwa kama umefunikwa shuka. Na spika mbili zisipofanana zenyewe kwa zenyewe, mwimbaji hatulii: akipanda noti anasogea kulia, akishuka anarudi kushoto.

Kwa hiyo mwambie mangi azime vikorombwezo vyote vya besi, kisha cheza sauti ya mtu anayeongea. Msoma taarifa ya habari anatosha. Tumesikia watu wakiongea tangu kuzaliwa, hatudanganyiki kirahisi. Akisikika kama anaongea ndani ya pipa, iache. Halafu tembea kutoka upande mmoja wa spika hadi mwingine akiendelea kuongea. Ukilinganisha aina mbili, hakikisha zinalia kwa nguvu sawa, maana inayolia kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, huonekana nzuri hata kama siyo, na wauzaji wanalijua hilo.

Mimi huwa napenda spika kubwa za mtumba kuliko sabufa mpya ya bei ileile, ila zina mtego wake. Ondoa kitambaa cha mbele, gusa taratibu ukingo wa koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti. Ukiwa wa sponji ya zamani, mara nyingi utamong'onyoka kwenye kidole kama keki kavu. Wa mpira hudumu zaidi.

Nyumbani kazi haijaisha. Sebule zetu ni saruji, vigae na vioo, hakuna kinachomeza sauti. Piga kofi moja: ukisikia "trrr" inafuata, tandika zulia, shusha pazia zito. Usibane spika kwenye kona, besi itavimba. Kochi nalo livute mbele hata nusu mita kutoka ukutani, ingawa mama mwenye nyumba huenda akawa na neno.

Kuna kosa moja ambalo naona haya kulisema. Niliwahi kukaa na spika zangu wiki tatu nikiamini ni mbovu. Besi hakuna, mwimbaji hajulikani aliko, yuko kila mahali kama moshi. Nilishaanza kumbembeleza jirani azinunue kwa hasara. Kumbe upande mmoja nilikuwa nimeingiza waya mwekundu kwenye tundu jeusi: koni moja ikienda mbele, nyingine inarudi nyuma, zinafutana. Nilibadilisha nyaya mbili tu, na mwimbaji akarudi kwenye kalenda.

Rekodi nyingi za zamani za dansi ni mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia. Hizo zitabaki katikati hata kwa spika za gharama gani, usizilaumu. Na zile nyaya fupi za sabufa? Duka la vifaa vya umeme hukata waya kwa mita. Mita nne kila upande, fuata mstari wa rangi usije ukapishanisha, kisha zitoe zile spika ndogo kabatini, moja kila pembe ya televisheni, usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.