Juisi siyo tunda jamani, hata ukiikamua mwenyewe

Wiki hii tena kliniki. Mtoto ana miezi nane, kadi inaonyesha uzito umesimama miezi miwili, namuuliza mama yake matunda anampa? "Kila siku nesi, nakamua machungwa, nachuja vizuri kabisa." Na chupa ipo kwenye mkoba.

Hapo kwenye kuchuja ndo pananiuma. Makapi unayomwaga ndo yenye nyuzinyuzi, zinazomsaidia mtoto apate choo laini na sukari isiingie kwa kasi. Machungwa matatu mtoto huyo hawezi kuyala, ila kwa chupa anayamaliza dakika mbili, tumbo linajaa maji matamu, uji wa karanga anaukataa, ziwa analigusa tu, sasa uzito utapandaje? Halafu msiniambie "sijaweka sukari". Sukari ya tunda ikishakamuliwa WHO wanaihesabu kundi moja na ile ya dukani. Madaktari wa watoto Marekani walishasema tangu 2017, chini ya mwaka mmoja juisi hapana.

Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama tu, hilo mnalijua. Baada ya hapo papai, parachichi, ndizi mbivu, embe, ponda kwa uma basi, brenda ya nini? Anavyokua acha vibonge vibonge ajifunze kutafuna. Kokwa toa, zabibu kata kwa urefu vipande vinne, zinakaba.

"Lakini nesi, hapendi." Umempa mara ngapi? Mbili! Kukunja uso ni kushangaa ladha mpya, mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa mara nane, kumi, hata zaidi ndo azoee, kidogo kidogo na bila kumshikilia kichwa. Nakiri wapo niliowafuatilia hadi mara ya ishirini bado wanatema parachichi, na sababu sijaipata, hao nawaambia mama zao wahamie papai kwanza, parachichi walirudie mwezi unaofuata.

Na chungwa sijalikataza, nalipenda sana, hasa kwenye sahani ya maharage au mchicha, maana vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo humo. Chai inafanya kinyume chake. Kwa hiyo lile chungwa la Muheza limenye, toa kokwa na ule utando, mpe kipande akishike mwenyewe wakati anakula maharage yake, na kikombe cha chai kiondoe hapo mezani.