Moshi Ukiisha, Hatari Haijaisha

Wafugaji wengi huamini kwamba jiko la zamani la makaa ya mawe likishaacha kufuka moshi, ni salama kulifungia bandani na vifaranga au mbuzi. Si kweli. Makaa mekundu yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mnyama hukosa hewa huku akipumua. Na wewe unayeingia kumtazama, vilevile.

Lakini je, jiko lako ni la makaa ya mawe kweli? Fungua mlango: mara nyingi utakuta wavu wa vyuma vizito, mkono wa kuutikisia, droo ya majivu na tundu la hewa chini yake. Majiko mengi ya kuni hayana wavu. Makaa ya mawe humo huzimikazimika tu.

Bomba la moshi lazima litokee nje. Limulike kwa tochi ndani, hasa kwenye maungio, maana kutu huweza kutoboa huko. Matundu ya juu ya banda usiyazibe eti joto lisitoroke. Binafsi, jiko lisilo na bomba nisingeliwasha bandani hata kwa saa moja.