Ali dhidi ya Fury: kimo hakitoshi kuamua

Kwenye vinyozi vya Eastlands, Nairobi, ubishi kuhusu nani angeshinda kati ya mabondia wa uzito wa juu wa enzi mbili, Muhammad Ali wa zamani na Tyson Fury wa karne hii, hufungwa haraka: Fury ana mita 2.06, basi Ali angepondwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Mei 2024, Riyadh, bondia Oleksandr Usyk alimzidi Fury kwa pointi ilhali ni mwepesi kwa kilo 17 hivi. Desemba akarudia, pengo likiwa kama kilo 25. Miguu yake ndiyo iliyomnyima Fury shabaha.

Tena zama zimewahi kukutana kweli. George Foreman, bingwa wa 1973 aliyeangushwa na Ali Kinshasa mwaka uliofuata, alimlaza Michael Moorer, bingwa wa kizazi kipya, 1994 akiwa na miaka 45!

Sisemi uzito ni bure. Rocky Marciano, bingwa wa miaka ya 1950 ambaye hakushindwa katika mapambano 49, alikuwa na kilo kama 85. Simwoni akimhimili Fury.

Kabla ya kubishana, kubalianeni kwanza kuhusu raundi. Ubingwa sasa ni raundi 12. Enzi za Ali zilikuwa 15. Pambano lake la 1975 na Joe Frazier, Ufilipino, lilisimamishwa baada ya raundi ya 14.