Mafuta ya Breki katika Gari la Umeme: Yabadilishwe Lini?

Mmiliki wa gari la umeme akiambiwa na fundi kwamba wakati wa kubadilisha mafuta ya breki umefika, mara nyingi hujibu kwamba pedi za gari lake bado ni nene, kwamba breki hazijawahi kulegea, na kwamba gari la namna hiyo halitumii breki sana. Yote matatu yanaweza kuwa kweli, na bado fundi akawa sahihi. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari mkoani Kigoma tunaona ni vema jambo hili lielezwe kwa kirefu, kwa sababu pedi huisha kwa kukanyagwa, ilhali mafuta ya breki huchakaa kwa kupita kwa miezi na miaka, gari liwe limetembea au limeegeshwa.

Dereva anapoachia pedeli ya mwendo, mota ya gari la umeme hugeuka jenereta: magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nayo hurudisha umeme kwenye betri huku ikipunguza kasi ya gari. Katika safari za kawaida za mjini, tuseme kutoka Mwanga kwenda Ujiji, sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo hufanywa hivyo, na pedi hushika disiki pale tu gari linapokaribia kusimama au dereva anapokanyaga kwa nguvu. Hata hivyo, mfumo wa breki za mafuta haukuondolewa. Masta silinda (pampu inayosukuma mafuta pedeli inapokanyagwa), mabomba, mipira, kalipa (kishikio chenye pistoni zinazobana pedi kwenye disiki) na kifaa cha ABS (kinachozuia magurudumu yasigande breki zikikanyagwa kwa nguvu) vyote vipo kama katika gari la petroli, na ndivyo vinavyobaki kulisimamisha gari pale ambapo mota haiwezi kusaidia.

Mafuta yanayotumika katika karibu magari yote madogo, yaani ya daraja la DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni alama ya viwango vya mafuta ya breki), hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo hufyonza unyevu kama chumvi ya Uvinza iliyoachwa wazi wakati wa masika. Unyevu huo hupenya taratibu kupitia mipira ya breki na kifuniko cha chombo cha mafuta. Kwa mujibu wa viwango, mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishabeba maji kwa asilimia 3.7, ambacho ni kiasi kinachotumika katika upimaji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, mvuke hubanwa kwa urahisi, na pedeli huzama hadi chini bila gari kushika.

Ni kweli kwamba breki za gari la umeme hazipati joto hilo mara kwa mara. Lakini hapa ndipo jiografia ya mkoa wetu inapoingia. Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayotoka Manyovu hadi Kigoma mjini huteremka kutoka milima iliyo juu zaidi kwa mamia ya mita. Mtu aliyelala Manyovu na kuchaji gari lake usiku kucha huanza safari ya asubuhi kwa mteremko huku betri ikiwa imejaa. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme, hivyo kompyuta ya gari hupunguza au kuzuia kabisa msaada wa mota, na mzigo wote huhamia kwenye pedi na mafuta. Gari lenyewe, kwa sababu ya betri, mara nyingi ni zito kuliko la petroli la ukubwa uleule. Dereva aliyezoea kuachia pedeli na gari likapungua lenyewe hushtukia siku hiyo kwamba anahitaji breki za zamani, na ndiyo siku ambayo mafuta yenye maji hayafai kuwamo. Anayeishi milimani ni bora asijaze betri hadi mwisho kabla ya kuteremka; asilimia 80 au 90 huacha nafasi ya kutosha kwa mwanzo wa safari.

Hasara inayowapata wenye magari haya mara nyingi zaidi, kwa maoni yetu, ni kutu. Kemikali za kuzuia kutu zilizomo ndani ya mafuta huisha nguvu kadiri miaka inavyokwenda, na maji yaliyofyonzwa hubaki yakigusa pistoni za kalipa na vali, yaani milango midogo sana ya kupitisha mafuta, zilizomo ndani ya kifaa cha ABS. Katika gari ambalo kalipa hazifanyi kazi kwa nguvu, pistoni hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, na kutu ikishika, pistoni hukwama. Kopo la mafuta ya breki ni kitu cha bei ndogo. Kifaa cha ABS kilichoharibika ni miongoni mwa vipuri vya gharama kubwa, na huku kwetu kukipata huchukua muda.

Je, yabadilishwe baada ya muda gani? Kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa kwanza. Watengenezaji wengi hutaja miaka miwili au mitatu. Volkswagen, kwa magari yake ya umeme ya ID, huagiza mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Tesla huagiza mafuta yapimwe kila miaka minne na yabadilishwe yakionekana hayafai. Kwa mazingira ya Kigoma, yenye mvua kuanzia takribani Oktoba hadi Mei na unyevu wa ziwa, ushauri wetu ni kila miaka miwili, hata kwa gari ambalo kitabu chake kinaruhusu muda mrefu zaidi, isipokuwa kama mafuta yatapimwa ipasavyo. Ushauri huu unahusu pia magari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ambayo hupunguza mwendo kwa njia hiyohiyo.

Gari lililoagizwa likiwa limetumika linahitaji uangalifu wa pekee. Nchini Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na mafuta ya breki hubadilishwa mara nyingi wakati wa ukaguzi huo. Gari likiuzwa nje kabla ya ukaguzi unaofuata, hukaa kwenye yadi, melini, bandarini, kisha kwa muuzaji, na mafuta yaleyale yakiwa ndani. Ukikuta kitabu cha matengenezo, zingatia kwamba miaka huandikwa pia kwa kalenda ya Kijapani: mwaka wa 5 wa Reiwa ni 2023, yaani unajumlisha 2018, na kwa miaka ya Heisei unajumlisha 1988. Pasipo kumbukumbu yoyote, badilisha mara gari linapofika mikononi mwako na uanze kuhesabu tarehe hiyo.

Kuhusu upimaji, rangi ya mafuta haitoshi kuwa ushahidi: mafuta meupe yanaweza kuwa yamebeba maji mengi. Kalamu zenye taa zinazouzwa kwa mafundi hupima jinsi mafuta yanavyopitisha umeme, na majibu yake hutofautiana kulingana na aina ya mafuta. Kifaa kinachochemsha sampuli na kusoma joto lake ndicho cha kuaminiwa. Pale kisipokuwapo, fuata kalenda.

Nunua daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha chombo, katika kopo ambalo halijafunguliwa. Mafuta yanayopimwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye chupa ya maji yameshaanza kufyonza unyevu kabla hujayalipia. DOT 5, tofauti na DOT 5.1, ni ya silikoni na haichanganywi na haya mengine. Oili ya injini au ya haidroliki isiingie kabisa, kwa kuwa huvimbisha na kuharibu mipira ya ndani.

Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye maelekezo ya gari hilo. Katika baadhi ya magari, kutoa upepo uliobaki ndani ya mabomba ya breki kikamilifu huhitaji mashine ya kusoma kompyuta ili ifungue vali za ABS, na katika baadhi ya haibridi za Toyota pampu ya breki inaweza kujiwasha mlango wa gari unapofunguliwa tu, wakati fundi ana mkono kwenye kalipa. Fundi atumie fursa hiyo kusafisha na kupaka grisi pini za kalipa. Gari lisiondoke hadi pedeli iwe imara likiwa limewashwa.

Kati ya huduma moja na nyingine, angalia kina cha mafuta. Katika gari la petroli kina hushuka polepole pedi zinapoisha. Katika gari la umeme, ambalo pedi zake haziishi haraka, kina kinachoshuka kinapaswa kukupeleka kwa fundi kutafuta uvujaji, badala ya kuongeza mafuta na kuendelea na safari.

Mafuta yaliyotolewa hayarudishwi garini. Ni sumu yakinywewa na huharibu rangi ya gari, hivyo yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko na maandishi, mbali na watoto, na yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa maji ya mitaro ya Kigoma mjini hushukia ziwani.