Je, wajua kwa nini gari huitwa lirudi kutengenezwa miaka mingi baada ya kuuzwa?

Gari jipya haliingii sokoni hivi hivi. Kabla ya mnunuzi wa kwanza kukabidhiwa ufunguo, mengine ya aina hiyo hiyo yameshagongeshwa ukutani makusudi, yameshaachwa kwenye jua la jangwani, yameshaendeshwa juu ya barafu na makorongo. Hata hivyo kila mwaka mamilioni ya magari duniani huitwa yarudi kwa sababu yamegundulika kuwa na kasoro inayoweza kuua. Tena mara nyingi si magari yaliyotoka kiwandani juzi. Ni ya miaka mitano, minane, hata kumi na mitano, ambayo wenyewe wameshayazoea na kuyaamini. Kasoro hiyo ilikuwa imejificha wapi muda wote huo?

Ilikuwa humo humo tangu siku ya kwanza. Pedi za breki zikiisha baada ya safari nyingi, huo ni uchakavu, na kila mwenye gari anautarajia. Kasoro inayofanya gari liitwe ni ubovu ambao gari limezaliwa nao, ila unahitaji joto, unyevu, uzito au miaka ndipo ujitokeze. Mfano mkubwa kuliko yote katika historia ni mifuko ya hewa (airbag) ya kampuni ya Takata, ile inayofunguka kumkinga mtu gari likigonga, na inafaa tukae hapo kidogo.

Mfuko wa hewa hauna hewa ndani yake. Umekunjwa, na nyuma yake kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, kihisio hutuma umeme, vidonge huwaka, na gesi inayotoka huujaza mfuko katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hesabu yake haina nafasi ya kukosea: gesi ikichelewa, mfuko hauna kazi tena, ikija kwa nguvu mno, kikopo hakihimili. Takata, kampuni ya Japani, ilichagua kutumia amonia naitreti, kemikali inayojulikana zaidi kwenye mbolea na kwenye baruti za machimbo. Ni ya bei nafuu na hutoa gesi nyingi. Tatizo lake ni kwamba hufyonza unyevu, na vikopo vingi vya Takata havikuwekewa kikaushio cha kuudhibiti.

Sasa chukua gari linaloegeshwa nje mahali penye joto na hewa nzito ya unyevu. Mchana dashibodi inachemka, usiku inapoa, kesho vivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Katika kila mzunguko unyevu kidogo unapenya, vidonge vinatanuka na kunywea, na polepole kilichokuwa kigumu kinajaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Gogo zima huwaka taratibu, lakini ukilipasua vijiti linateketea mara moja. Ndivyo inavyokuwa kwa kidonge chenye vitundu, kwa kuwa moto unakishika pande zote kwa mpigo. Siku gari likigonga, hata ajali ndogo ambayo dereva angeshuka mzima, shinikizo linapita uwezo wa chuma. Kikopo kinapasuka, na vipande vyake vinachana kitambaa cha mfuko na kuruka usoni na shingoni mwa mtu aliyepaswa kulindwa. Mwaka 2014, Orlando, Marekani, majeraha ya mwanamke aliyekufa hivyo yaliwafanya wapelelezi wadhani kwanza kwamba amechomwa kisu. Barua ya kumtaka apeleke gari lake likatengenezwe ilifika nyumbani kwake baada ya kifo chake.

Majaribio ya kiwandani hayakuweza kuyaona haya, maana vidonge vikiwa vipya vilifanya kazi ipasavyo. Ndiyo sababu Honda ilipoanza kuita magari kwa ajili ya mifuko hiyo, mwaka 2008, iliita takriban 4,000 tu, ikiamini kwamba ni kundi dogo lililotengenezwa vibaya. Idadi ikaendelea kupanda kadiri magari yalivyozeeka, hadi kufikia vikopo milioni 67 hivi Marekani peke yake na takriban milioni 100 duniani, katika magari ya kampuni zaidi ya kumi. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliwataka wenye Honda na Acura (chapa nyingine ya Honda) fulani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 waache kuziendesha kabisa hadi zitengenezwe: maabara ilionyesha kwamba vikopo vyao vingeweza kupasuka kwa uwezekano wa hadi asilimia 50. Takata yenyewe ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, kwa kuwapa watengenezaji wa magari taarifa za majaribio zilizochezewa. Mwaka huo huo ikafilisika.

Lakini si kila kasoro inasubiri kemikali ioze. Nyingine inaonekana mapema, watu wanaiona, na bado inachukua miaka kuitambua kuwa ni hatari. Hapo ndipo kisa cha General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, kinaponiuma zaidi, kwa sababu kilichoua ni springi moja.

Ukizungusha ufunguo wa gari unahisi vituo vyake: hapa redio inawaka, hapa gari linatembea, hapa stata. Hisia hiyo inatoka kwenye kipini kidogo ndani ya swichi, kinachosukumwa na springi kiingie kwenye kishimo chake. Katika magari ya kampuni hiyo ya Chevrolet Cobalt, Saturn Ion na mengine ya ukoo huo, springi ilikuwa dhaifu kuliko kiwango kilichoandikwa na kampuni yenyewe. Funguo nyingi kwenye mkufu mmoja, goti la dereva likigusa, au gurudumu likidumbukia shimoni, ufunguo uliteleza na kurudi nyuma kituo kimoja. Injini inazimika gari likiwa kwenye mwendo. Usukani unakuwa mzito ghafla, breki zinakosa msaada wa injini, na baya kuliko yote, mfumo wa mifuko ya hewa unakatikiwa umeme muda mfupi kabla ya kugonga.

Malalamiko ya magari kuzimika yalikuwapo mapema. Kampuni iliyaweka kwenye fungu la kero za wateja, si fungu la usalama, na mwaka 2005 ikawaandikia mawakala wake wawashauri wateja wapunguze vitu kwenye mikufu ya funguo. Polisi nao walikuta magari yaliyoacha njia na mifuko ya hewa ambayo haikufunguka, wakaandika walichokiona. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari. Mwaka 2006 kipini na springi vilibadilishwa kimya kimya vikawa virefu na imara zaidi, lakini namba ya kipuri ikaachwa ile ile. Fikiria madhara yake: mchunguzi anayelinganisha magari ya zamani na mapya anaona mapya hayasumbui, anatazama namba ya swichi, anakuta ni moja, anahitimisha kwamba swichi haihusiki.

Aliyekata fundo hilo ni mhandisi aliyeajiriwa na upande wa familia iliyokuwa imefiwa na binti yao na kwenda mahakamani. Alifungua swichi ya gari la ajali, akafungua na nyingine mpya yenye namba hiyo hiyo, akaziweka pamoja. Vipini havikulingana urefu. Februari 2014 ndipo General Motors ilipoanza kuyaita magari, jumla yakafika milioni 2.6. Mfuko wa fedha za fidia ulikubali madai ya vifo 124. Katika vikao vya Bunge la Marekani ilitajwa kwamba kurekebisha kipuri hicho kungegharimu senti 57 kwa gari moja.

Vyanzo vya kasoro, kwa kweli, havina mpaka. Mwaka 2011 Mazda iliita takriban magari 65,000 ya Mazda6 huko Amerika ya Kaskazini kwa sababu ya buibui. Kuna aina ya buibui wa njano wanaovutwa na harufu ya petroli. Walitanda utando ndani ya mpira wa kupumulia wa tangi, hewa ikakosa njia, na tangi likaweza kupata ufa kwa mvutano uliojengeka ndani. Aprili 2024 Tesla iliita magari yake ya umeme ya Cybertruck 3,878, yaani karibu zote zilizokuwa zimeuzwa, kwa sababu ya sabuni. Ilitumiwa kiwandani kulainisha kifuniko cha pedali ya kuongeza mwendo kiingie kwa urahisi. Mabaki yake yakafanya kifuniko kiweze kuchomoka, kupanda juu na kunasa, pedali ikabaki imekanyagwa hadi chini. Sidhani kuna mhandisi ambaye angemwandika buibui au sabuni kwenye orodha yake ya majaribio.

Ndiyo maana sheria haikutegemea majaribio peke yake. Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, na nchi nyingine nyingi zina zao. Swali linaloulizwa ni moja: je, kasoro hii inahatarisha maisha bila sababu ya haki? Rangi inayobanduka au redio isiyoshika stesheni hazimo. Usukani, breki, mafuta yanayovuja, mikanda, viti na taa zinazozimika zimo. Kampuni ikishajua kwamba kuna kasoro ya usalama, Marekani inaipa siku tano za kazi iwe imeitaarifu serikali, kisha iwaandikie wenye magari na kutengeneza bure.

Ugumu uko kwenye lile neno “ikishajua”. Mwaka 2000 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa ikiyaficha malalamiko ya wateja badala ya kuyapeleka kwenye wizara ya Japani. Mwaka huo huo matairi milioni 6.5 ya Firestone yaliitwa Marekani. Ganda la juu, lile lenye mikato, lilikuwa likibanduka kwenye mwendo wa kasi, na magari mengi ya Ford Explorer yaliyofungwa matairi hayo yakapinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ikaja kujulikana kwamba Ford ilikuwa imeanza kubadilisha matairi hayo Saudi Arabia mwaka mmoja nyuma bila kuiambia serikali ya Marekani. Sheria mpya ikatungwa mwaka huo: kampuni zitoe taarifa za vifo, majeruhi na madai mapema, na zikiita magari nchi nyingine ziseme. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu ajali moja haisemi kitu. Kasoro huonekana pale ajali kumi za miji kumi zinapowekwa mezani pamoja.

Gari likishaitwa, matengenezo hayaji siku hiyo hiyo. Vipuri vya mamilioni ya magari havitengenezwi kwa wiki moja. Wakati wa Takata, baadhi ya watu waliwekewa kwanza kikopo kipya cha aina ile ile, kwa kuwa kikiwa kipya ni salama kwa miaka kadhaa, kisha wakaitwa tena baadaye wawekewe cha kudumu. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita magari takriban milioni 3.4 Marekani ambayo kifaa cha breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge) kingeweza kuvujisha mafuta ya breki ndani, kupiga shoti na kuwasha moto hata injini ikiwa imezimwa. Walioandikiwa waliambiwa waegeshe nje, mbali na nyumba, hadi zamu yao ifike. Agizo kama hilo lichukuliwe kwa uzito wake wote. Magari mengine siku hizi hutengenezwa kwa programu inayotumwa kwa intaneti, lakini kisheria huko nako ni kuitwa kama kwingine kote.

Anayebaki nyuma zaidi ni mnunuzi wa gari lililotumika. Barua hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa, na gari likishauzwa mara tatu au kuvuka bahari, barua hailifuati. Hata Marekani, ambako tangu 2016 kampuni kubwa za kukodisha magari zimekatazwa kukodisha gari lililoitwa ambalo bado halijatengenezwa, hakuna katazo kama hilo la kitaifa kwa muuzaji wa magari yaliyotumika. Kinacholifuata gari kila liendako ni namba ya chesisi. Iko kwenye kibati cha mlangoni au chini ya kioo cha mbele, na kwenye kadi ya gari. Yenye herufi na tarakimu 17 huingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji au ya NHTSA ikiwa gari liliuzwa Marekani. Magari yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani yana namba fupi, yenye kistari katikati, na tovuti za namba 17 haziitambui. Hizo zitafutwe kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni husika, au apewe wakala rasmi wa kampuni hiyo aangalie. Iangaliwe upya kila baada ya miezi michache, kwa sababu gari lisilo na kitu leo linaweza kuitwa mwakani.

Na gari likikufanyia jambo la ajabu, likazimika lenyewe au usukani ukagoma, andika siku ile ile: mwendo ulikuwa gani, kilomita zimefika ngapi, taa gani iliwaka kwenye dashibodi. Mpelekee mtengenezaji na mamlaka ya usalama kwa maandishi. Fundi akibadilisha kipuri, mwombe akupe kile cha zamani, ukifunge kwenye mfuko, ukiandike tarehe.