Mpango kabambe wa shule ya bweni: maana yake na matumizi yake katika mikoa ya Lindi na Mtwara

Mpango kabambe wa shule ni makubaliano yaliyoandikwa na kuchorwa kuhusu namna eneo lote la shule litakavyotumika kwa miaka 15 au 20 ijayo: majengo yatakaa wapi, yatajengwa kwa kufuatana vipi, maji yataingia na kutoka kwa njia ipi, na sehemu zipi zitaachwa bila kujengwa. Ndani yake imo ramani, lakini ramani peke yake haitoshi. Mchoro wa bweni humweleza fundi upana wa msingi na kimo cha ukuta. Mpango kabambe huieleza bodi ya shule kwa nini bweni hilo likae pale, kama litangulie maabara au liifuate, na likishajaa, la pili litasimama wapi.

Kazi hii ina historia ndefu katika shule binafsi za bweni za nchi nyingine. Katika miaka ya 1880, shule ya Lawrenceville iliyoko New Jersey, Marekani, ilimpa Frederick Law Olmsted, msanifu wa mandhari, jukumu la kupanga eneo lake, na nyumba za wanafunzi zikapangwa kuzunguka uwanja wa duara ambao hadi leo ndio moyo wa shule hiyo. Uwanja ulipangwa pamoja na nyumba, kama sehemu ya shule yenye kazi yake, na hilo ndilo jambo linalofaa kuigwa.

Huku kwetu kusini shule nyingi zisizo za serikali hukua jengo moja moja. Minada ya korosho ikifanyika kuanzia Oktoba na wazazi wakalipa ada zilizobaki, mmiliki hupata fedha za kuinua madarasa mawili. Mwaka unaofuata zikipatikana nyingine, anaongeza bweni palipo karibu na barabara kwa sababu lori la mchanga linafika. Hakuna kosa katika kujenga kidogo kidogo, kwa kuwa ndivyo fedha zinavyokuja. Hasara huanza pale kila jengo linapochagua mahali pake bila kuangalia litakalofuata, hata baada ya miaka minane ikagundulika kuwa mahali pekee panapofaa kwa bwalo pamechimbwa shimo la choo. Mpango kabambe unakubali mwendo huo wa kidogo kidogo na kuupa mwelekeo, ili jengo la leo lisifunge njia ya jengo la kesho.

Shule ya kutwa inaweza kuvumilia upungufu mwingi, kwa sababu mtoto anarudi kwao jioni. Shule ya bweni haina nafasi hiyo. Kwa hiyo anayeandaa mpango wake anapaswa kuufuata mchana na usiku wa mwanafunzi saa baada ya saa: anaamka wapi, anaoga wapi, anapita njia gani kwenda mstarini, moshi wa jiko unamfikia au haumfikii akiwa darasani, na saa nane za usiku akihitaji choo atatembea hatua ngapi gizani. Nyumba ya matroni ikiwekwa langoni pamoja na nyumba nyingine za walimu, bweni la wasichana linabaki bila mtu mzima wa karibu usiku kucha, na hakuna kanuni ya shule inayoweza kuziba pengo hilo.

Maji ndiyo sura nzito kuliko zote. Kwenye nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, maji ya bomba husukumwa kutoka bondeni, na familia nyingi zimezoea kuvuna ya paa. Chini ya ukingo wa nyanda hizo, Ndanda, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1906, chemchemi zinatiririka. Shule mbili zinazotenganishwa na safari fupi tu zinaweza kuhitaji mipango isiyofanana kabisa. Hesabu yenyewe si ngumu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la bweni lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, katika mwaka wa mvua ya milimita 900, hupokea lita 216,000. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa upotevu, zinabaki takriban lita 173,000, ambazo wanafunzi 80 wanaotumia lita 20 kwa siku wangezitumia kwa zaidi ya siku 100. Lakini simtanki la lita 5,000 lililowekwa pembeni mwa paa hilo hujaa kwa mvua moja kubwa, na yanayofuata humwagika na kuchimba korongo mbele ya bweni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Kwa hiyo nafasi ya tangi kubwa la chini ya ardhi inatakiwa itengwe kwenye ramani tangu mwanzo, upande wa juu wa mteremko kuliko mashimo ya maji taka, na mbali nayo kwa mita 30 au zaidi.

Upepo nao una kawaida yake. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na katika misimu yote miwili moshi na harufu huelekea upande wa magharibi. Jiko, vyoo vya shimo na banda la mifugo vikikaa magharibi mwa mabweni na madarasa, shule inapata hewa safi karibu mwaka mzima bila gharama yoyote ya ziada. Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, hivyo jiko jipya lipangiwe pia mahali salama pa mitungi ya gesi, penye hewa na pasipo njia ya wanafunzi. Kuhusu jua, Lindi na Mtwara ziko karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwishoni mwa Februari na tena katika nusu ya pili ya Oktoba. Madarasa yaliyonyooshwa kutoka mashariki kwenda magharibi, yenye baraza pande zote mbili, hukwepa joto kali la saa tisa.

Sehemu ya moto inastahili kusomwa mara mbili na kila mjumbe wa bodi. Mwaka 1994 bweni la shule ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, liliungua na wasichana zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mpango mzuri huacha nafasi kati ya bweni na bweni ili moto usiruke, hutaka milango miwili inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyofungwa kwa nondo za kudumu, na huhifadhi njia ambayo gari la zimamoto linaweza kupita hadi bweni la mwisho. Njia hiyo ndiyo huwa ya kwanza kuzibwa na kibanda cha kuhifadhia saruji, na mara nyingi kibanda hicho hakiondolewi.

Ghala la chakula nalo linapimwa kwa barabara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatika huko Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikakaa bila njia yake kuu. Shule yenye ghala la wiki moja ingekuwa imeingia kwenye dhiki.

Maeneo yanayoachwa wazi yaandikwe kwa jina na matumizi yake. Mtaala ulioboreshwa umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, katika sekondari, na shule isiyobakiza nafasi ya karakana sasa inalazimika kuitafuta ndani ya uwanja wa mpira. Mikorosho iliyokwisha kuwamo kwenye eneo inafaa kupimwa na kuchorwa mmoja mmoja kabla ya shoka kuingia, kwa kuwa kivuli chake kinachukua miaka mingi kurudishwa.

Utayarishaji huanza na mpima ardhi anayeonyesha mipaka na mistari ya miinuko, kisha mbunifu majengo aliyesajiliwa, mhandisi wa maji, walimu, matroni na mpishi. Wawili hawa wa mwisho husahauliwa, ingawa wao ndio wanaojua bomba lipi hukauka kwanza. Hati ya ardhi na kibali cha ujenzi cha halmashauri vitangulie msingi.

Ukubwa wa mpango uendane na ushahidi. Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa matarajio ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, uliokuwa na mashamba Nachingwea. Mradi ukafutwa mwaka 1951, na mji ukabaki na nafasi pana kuliko watu wake kwa miongo mingi. Shule yenye wanafunzi 180 isichore awamu ya wanafunzi 2,000. Kila awamu iweze kusimama yenyewe, ikiwa na choo, maji na njia zake, hata kama inayofuata itachelewa kwa sababu bei ya korosho imeshuka. Bodi iupitie mpango kila baada ya miaka mitano, na badiliko lolote la mahali pa jengo liamuliwe kikaoni na kuandikwa kwenye mihtasari, pamoja na sababu yake, kabla fundi hajaitwa.