Msikisugue hicho kisu! Uongo unaoshusha bei ya visu vya mfukoni vya zamani

Natengeneza visu vya kukunja vya zamani na kuvikadiria bei kwa wanaotaka kuuza, na kuna sentensi moja nimeisikia mpaka imenichosha: "nimekisafisha kwanza ndio nikakuletea". Mtu anafungua kitambaa kwa furaha kabisa, kisu kinametameta, na mimi nikitupia jicho tu najua sehemu kubwa ya bei imeshabaki kwenye msasa. Siwezi hata kumgombeza maana kila mtu alimwambia afanye hivyo. Kwahiyo naandika, mwenye kusikia asikie.

Dhana: kisu kikisuguliwa kikang'aa, bei inapanda

Hapana. Inashuka, tena inashuka vibaya, na hakuna fundi wa kuirudisha. Mkusanyaji halipii mng'ao, analipia chuma kilichobaki na alama alizoacha mtengenezaji, na hizo alama zote ziko juu juu kabisa. Yale maandishi mepesi ambayo kiwanda kilichora kwa asidi ubavuni mwa bapa, ukipitisha msasa laini mara chache tu yamekwenda. Ile mistari mikali pale jiwe la kiwandani lilipoishia inalainika na kupinda. Halafu mhuri, ule uliogongwa pale mwanzo wa bapa karibu na mpini, ndio cheti cha kuzaliwa cha kisu na ndio watu wanaufuta bila kujua.

Chukua Case, kampuni ya Bradford, Pennsylvania huko Marekani. Visu vyao vya 1965 mpaka 1969 vina CASE XX na chini yake U.S.A., basi. 1970 wakaongeza vidoti kumi, na kila mwaka uliofuata wakawa wanapunguza kimoja mpaka 1979 kikabaki kimoja. Sasa hivyo vidoti ni vidogo sana, ukikiweka kisu kwenye mashine ya kung'arishia vinaondoka vitatu na kisu cha 1972 chenye vidoti vinane kinageuka cha 1975. Vikifutika vyote ndio balaa zaidi, kwasababu mnunuzi anayejua ataona umevifuta makusudi ili kionekane cha miaka ya 60, na hapo atakurudishia kisu chako bila hata kutaja bei.

Na usifikiri haionekani. Nikishika lensi naangalia kingo za herufi za mhuri, kama hazijaguswa zina ukali, kama zimesuguliwa zimeyeyuka kidogo, upande mmoja zimezama na mwingine zinapotea. Nafungua bapa naangalia ndani, chuma cha ndani cheusi cha uzee halafu bapa jeupe kama jipya, haiwezekani. Nakuta vishimo vidogo vya kutu vya zamani vinang'aa mpaka ndani, kumbe kutu ikitoboa chuma huwa inaacha weusi. Wanunuzi wakubwa wote wanaangalia hivyo hivyo.

"Lakini kilikuwa na kutu!" Ndio hoja ninayopewa kila mara, na mara nyingi hakikuwa na kutu. Chuma cha kaboni kikikaa kinavaa rangi ya kijivu, bluu kidogo, wakati mwingine na mabakamabaka, ile ni patina, haili chuma, na mkusanyaji anaipenda kwasababu ni ushahidi kwamba hakuna aliyekichezea. Kutu yenyewe ni ile nyekundu ya unga, ukipitisha kitambaa cheupe inaacha rangi ya chungwa. Hiyo ndio ya kushughulika nayo: tone la mafuta mepesi ya mashine, liache usiku mzima, asubuhi futa kwa pamba, palipogoma sugua polepole kwa kijiti cha mbao, rudia. Isipotoka yote iache. Msasa hapana, grinda hapana, dawa ya kung'arisha vyuma hapana, na mafuta ya kupikia hapana kabisa maana yanaganda yanakuwa gundi kwenye bawaba na springi. Na kunoa pia nakuwekea hapa hapa: kama kisu hakijawahi kunolewa na unataka kukiuza, usikinoe, makali ya kiwandani ni sehemu ya bei, na bapa lililonolewa mpaka likapungua upana hakuna wa kulirudisha.

Dhana: cha zamani ndio cha bei

Umri peke yake haulipi. Viwanda vikubwa vilitoa visu kwa mamilioni, kwahiyo kisu cha babu kilichotumika mpaka bapa limekuwa jembamba ni kumbukumbu nzuri ya familia, kitunzeni, ila sokoni kitashindwa na kisu kilichotengenezwa miaka 40 baadaye ambacho hakijawahi kukata hata kamba. Kinachopandisha ni uchache wa ule mfano pamoja na hali yake pamoja na watu wanaoutafuta, kimoja kikikosekana hesabu inavunjika. Watu wanasema pia kampuni ikifungwa visu vyake vinakuwa mali. Imperial Schrade, kampuni ya visu ya Marekani, ilifunga 2004, na visu vyake vya kawaida vya jina la Old Timer vilikuwa vimetengenezwa vingi mno, bado ni rahisi kuvipata, halafu jina lenyewe likauzwa na likaendelea kugongwa kwenye visu vinavyotengenezwa China.

Dhana: kikiwa na mhuri ni orijino

Mhuri unakwambia bapa limetoka wapi, haukuambii kama limezaliwa na huo mpini. Kuna watu wanabadilisha mabapa. Angalia pini ya bawaba kama ina alama za kugongwa upya au rangi tofauti, angalia mgongo wa bapa likiwa wazi kama unalingana na springi bila ngazi, angalia kama mabapa yote yamezeeka sawasawa. Na kwa Case soma namba: 6254, ile 6 ni mpini wa mfupa, 2 ni mabapa mawili, 54 ni umbo la trapper, kisu cha mabapa mawili marefu. Ukikuta namba inaanza na 6 na mpini ni wa pembe halisi ya ayala (deer), shuku kuna mkono umepita hapo, maana mpini huo kwa kawaida wao waliuandika 5.

Tena kuna marudio halali kabisa ya kiwandani, yaani kisu cha kale kinatengenezwa upya. Remington, kampuni ya bunduki ya Marekani, walitengeneza visu kuanzia 1920 mpaka 1940, na vile vyenye kibati cha umbo la risasi kwenye mpini vinatafutwa sana. Toka 1982 jina hilo limetoa marudio yake, mfano wa R1123 ukiwemo. Hakuna wizi hapo, ila bei ni mbingu na ardhi, na wengi wanaoniletea "risasi ya kale" wamebeba ya miaka ya 80.

Dhana: toleo maalum lazima lipande

Toleo la visu elfu kadhaa, wote walionunua wameviweka kwenye boksi na cheti wakisubiri bei ipande. Kila mtu akitunza, uchache unatoka wapi? Nunua kwasababu unakipenda.

Dhana: kiache kwenye ala yake ya ngozi, kitakuwa salama

Ngozi inashika unyevu na ina kemikali za kuitengenezea, kisu kikilala humo miaka kinatoka na kutu upande mzima. Ala iweke pembeni, kisu peke yake, kikavu, na mafuta kidogo. Na hili ni kubwa zaidi: mipini ya seluloidi (plastiki ya kizamani), ile ya marangi mazuri ya zamani yenye mawimbi, ikianza kuoza inatoa mvuke wa asidi, na mvuke huo hauli kisu chake tu, unakula na majirani wote kwenye droo. Ukiona kisu kimoja shaba yake inageuka kijani na chuma kinashika kutu ghafla karibu na mpini, kitoe leo hii, kiweke mbali sehemu yenye hewa, na usikiweke karibu na moto kwasababu seluloidi inawaka haraka sana.

Dhana: mpini wa pembe za ndovu ni utajiri

Kwanza mingi ni mfupa au seluloidi iliyochorwa mistari. Pili, hata ikiwa kweli, biashara ya kimataifa ya pembe za tembo ilipigwa marufuku chini ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) kuanzia 1990, na Uingereza sheria yao ya 2018 ilianza kutumika 2022 na imebana hata mauzo ya ndani. Kisu usichoweza kukiuza kihalali hakina bei ya kujivunia.

Dhana: nimeona kama hiki mtandaoni kinauzwa bei kubwa

Umeona kinaombwa bei kubwa. Mtu anaweza kuandika anachotaka na kisu kikakaa pale mwaka mzima. Chuja matokeo uone vilivyouzwa kweli, halafu linganisha mhuri uleule, namba ileile, mpini uleule na hali ileile, maana kilichonolewa na kisichonolewa ni bei mbili tofauti hata kama picha zinafanana.